Baba wa bandia na mzee mpenda mali: jibu kwa mwandishi wa michezo kuhusu Kadhalikka Neramillai

SWALI: "Ninaandika na kuongoza michezo ya kuigiza ya kikundi kimoja cha vijana hapa Tanga. Kaka yangu anafanya kazi Doha na anaishi nyumba moja na Watamili, watu wa kusini mwa India, nao walimpa filamu yao ya zamani iitwayo Kadhalikka Neramillai, wakamwambia kwamba kwao haijapata kutokea filamu ya mapenzi na vichekesho inayoishinda. Nimeitazama mara mbili kwa msaada wa maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na sijaona sifa hizo zinatoka wapi. Baba yangu alipoiona alisema ni nakala tu ya filamu ya Kihindi aliyoitazama ujanani, Pyar Kiye Jaa. Kile kipande cha kijana anayemsimulia baba yake hadithi ya kutisha, ambacho Watamili wanakicheka hadi machozi, mimi kilinipita kabisa. Hata hivyo kisa cha kijana kumvisha rafiki yake ubaba kimenikaa kichwani, na natamani kukifanya mchezo wa jukwaani, pengine pamoja na nyimbo mbili tatu za filamu hiyo nikizitafsiri. Watu wananiambia kwamba kazi ya miaka sitini haina mwenyewe. Je, filamu hii ni kubwa kweli, au wenyewe wameizoea tu? Na nikitaka kuigeuza iwe ya kwetu, nianzie wapi?"

JIBU: Ndugu yangu, katika maneno yako nasikia hofu mbili zilizoshikana. Unaogopa kwamba wenzako wanaona kitu ambacho wewe hukioni, na papo hapo unaogopa kuusimamisha mchezo wako juu ya kisa ambacho huenda hakina msingi imara. Nakuambia mapema, ili usome yaliyobaki kwa utulivu, kwamba filamu hii ni kubwa kweli, na kwamba hukuuona ukubwa wake kwa sababu uliutafuta kwa yule anayechekesha, ilhali umekaa kwa yule anayedanganywa. Ukilishika jambo hili moja utaielewa filamu, utakielewa kile kipande kilichokupita, na utajua ni nini hasa unachoweza kukichukua ukakipeleka kwenye jukwaa lako.

Nianze na kauli ya baba yako, ambayo ni rahisi kuisahihisha na wala haimpunguzii heshima. Kadhalikka Neramillai, jina linalomaanisha kwamba hakuna nafasi ya kupenda, ilitolewa mwezi Februari mwaka 1964 katika mji wa Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai. Mwongozaji na mtayarishaji wake ni C. V. Sridhar, kupitia kampuni yake ya Chitralaya. Mwaka uliofuata kisa hicho kikatengenezwa kwa Kitelugu, na mwaka 1966 Sridhar mwenyewe akakirudia kwa Kihindi kwa jina la Pyar Kiye Jaa, safari hii akiwa na Shashi Kapoor, Kishore Kumar, Mehmood na Om Prakash. Baadaye kisa kilipita pia katika Kikannada na Kimarathi. Hivyo filamu aliyoiona baba yako ndiyo iliyozaliwa kutokana na hii, tena kwa mkono wa mwongozaji yuleyule. Kosa hili ni la kawaida sana pwani yetu, ambako kwa miongo mingi majumba ya sinema yalituletea filamu za Kihindi kuliko za lugha nyingine za India, nasi tukazoea kukutana kwanza na toleo la Bombay na kulidhani ndilo la asili.

Toleo hilo la Kihindi linatupa pia ushahidi juu ya swali lako la kama wenyewe wameizoea tu. Mehmood ndiye mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Filmfare, ya filamu za Kihindi, kwa uigizaji wa vichekesho, na kazi iliyompatia tuzo hiyo ni Pyar Kiye Jaa, ambamo anaigiza nafasi ileile ya kijana msimuliaji. Kipande kinachoweza kubadilishiwa lugha, waigizaji na watazamaji, kisha kikaendelea kuangusha watu kwa vicheko, hakiwezi kuwa mazoea ya Watamili peke yao. Kuna kitu ndani yake kinachofanya kazi bila kutegemea lugha.

Ili kukiona kitu hicho, inafaa kwanza ujue watazamaji wa Madras walikuwa wamezoea nini. Sridhar alijulikana kwa filamu za mapenzi yanayoliza. Kalyana Parisu ya mwaka 1959 ni kisa cha dada wawili na mwanamume mmoja, na hakiishii kwenye furaha; Nenjil Or Aalayam ya mwaka 1962 inatokea karibu yote hospitalini, ambako daktari anamtibu mume wa mwanamke aliyempenda zamani. Katika filamu nyingi za Kitamili za enzi hizo vichekesho vilikuwa na njia yao ya pembeni: mchekeshaji na mwenzake walikuwa na vituko vyao, vinavyoingia katikati ya huzuni ili watu wapumue, kisha wakuu wa hadithi wanarudi kwenye majonzi yao. N. S. Krishnan na mkewe T. A. Mathuram walikuwa mabingwa wa utaratibu huo, na vituko vyao vingeweza kutazamwa peke yake bila kuharibu hadithi. Alichokifanya Sridhar mwaka 1964, akisaidiana na rafiki yake wa tangu ujana, Gopu, aliyekuja kujulikana kwa jina la Chitralaya Gopu, ni kukihamishia kichekesho katikati kabisa ya hadithi, hata wapenzi wenyewe, baba mzazi, madai ya kazi na posa vyote vikawa sehemu ya mzaha mmoja. Akaipiga filamu hiyo kwa rangi, wakati ambapo rangi katika sinema ya Kitamili ilikuwa bado ni ya filamu za wafalme na miungu zaidi kuliko ya hadithi za vijana wa kisasa wanaovaa suruali na kuendesha magari. Mpiga picha wake, A. Vincent, alitumia milima ya Ooty, eneo la bwawa la Aliyar na ufukwe wa Marina, na hata leo picha hizo zina wepesi wa hewa ya asubuhi.

Sasa tuingie ndani ya kisa chenyewe, maana hapa ndipo penye somo lako. Ashok, kijana asiye na mali, ameajiriwa katika mashamba ya tajiri Viswanathan huko Chinnamalai. Anagombana na Nirmala, mmoja wa mabinti wawili wa tajiri, na ugomvi huo unamfukuzisha kazi. Haondoki. Anapiga hema mbele ya nyumba ya tajiri na kuanza kuimba akidai kazi yake, na ugomvi unageuka mapenzi. Anajua kwamba Viswanathan hatamwoza binti yake kwa fukara, kwa hiyo anajitia kuwa mtoto wa tajiri mkubwa aitwaye Chidambaram. Tajiri anafurahi mno, na kwa kuwa amefurahi anataka kukutana na huyo Chidambaram. Ashok hana budi kumwita rafiki yake Vasu, amvishe mvi na sauti ya uzee, na kumleta kama baba mzazi. Vasu anaingia katika nyumba ile na kugundua kwamba Kanchana, binti mwingine wa tajiri, ndiye msichana anayempenda yeye. Ameshakuwa mzee wa heshima mbele ya baba mtu, na sasa anataka kuwa kijana mbele ya binti, katika nyumba moja na kwa siku moja.

Tazama namna mnyororo huu ulivyofungwa. Kila uongo unatatua shida moja na kuzaa kubwa kuliko hiyo, na hakuna hata mmoja unaotoka mbinguni. Kila mmoja umelazimishwa na mafanikio ya ule uliotangulia. Kama Viswanathan asingeuamini uongo wa kwanza, wa pili usingehitajika. Bahati nasibu kubwa ni moja tu, ile ya Vasu kumkuta mpenzi wake nyumbani humo, na bahati hiyo haiwasaidii waongo hata kidogo. Inawakaba zaidi, ndiyo maana mtazamaji anaikubali bila kuuliza. Nimesoma miswada mingi ya vijana wetu ambamo bahati nasibu inakuja kuwaokoa wahusika, na kila mara jukwaa linapoa. Mtazamaji husamehe mkosi. Nafuu isiyo na sababu haisamehe.

Umeniuliza kwa mkato kama filamu ina haki ya kuwaacha waongo bila adhabu. Hukuliandika hivyo, lakini nalisikia nyuma ya mashaka yako, na ni swali la maana kwa anayeandikia vijana. Jibu langu ni kwamba Sridhar amelipanga jambo hili kwa uangalifu: uongo wa Ashok haukamati mtu yeyote isipokuwa mpenda mali. Viswanathan hamuulizi kijana tabia yake, elimu yake, wala jinsi atakavyomtunza binti yake. Anasikia utajiri, na papo hapo adui aliyekuwa akiimba mbele ya nyumba yake anageuka mkwe wa kupepewa. Angeuliza maswali mawili tu ya kawaida ambayo kila mzazi huuliza, hadithi ingekwisha pale pale. Haulizi, kwa sababu kuuliza kungeweza kumletea jibu asilolitaka. Tamaa yake ndiyo nguzo ya nyumba nzima ya uongo, na mtazamaji anacheka kwa sababu anamwona mtu mwenye akili timamu akijifunga macho kwa hiari yake mwenyewe.

Na hapa nikuombe umtazame upya T. S. Balaiah, anayeigiza nafasi hiyo. Alikuwa ameingia katika sinema tangu mwaka 1936, na kwa miaka mingi alipewa nafasi za watu wabaya na wakali. Sridhar alichukua uzito huohuo wa mtu anayetisha na kuuweka ndani ya kichekesho, na Balaiah hakufanya kosa la kujichekesha. Anaigiza Viswanathan kama mtu anayejiheshimu, anayejua hesabu, anayejali watu watasema nini. Hakonyezi mtazamaji hata mara moja. Nyinyi wa Tanga mna marehemu King Majuto katika historia yenu, na mnajua vizuri kuliko wengi kwamba mzee kwenye jukwaa anachekesha zaidi pale anapoamini kwa dhati kila anachokisema.

Sasa kile kipande kilichokupita. Chellappa, mtoto wa kiume wa Viswanathan, anaigizwa na Nagesh. Ameanzisha kampuni ya filamu aliyoipa jina la Oho Productions, lakini hana fedha wala mwigizaji wa kike, wala kwa hakika hana hadithi. Anamkabili baba yake ili ampe fedha, na baba, ambaye hataki kusikia habari za filamu, anamwambia asimulie basi. Chellappa anaanza kusimulia kisa cha kutisha, akitoa kila sauti kwa mdomo wake na kukitumia kila kiungo cha mwili wake. Ukiyaandika maneno yake kwenye karatasi utakuta hayana kitu. Ni giza, ni upepo, ni sauti, ni mtu anayekaribia. Na wewe, ndugu yangu, ndicho ulichopewa: maneno yake kwenye maandishi ya Kiingereza. Macho yako yalishuka chini ya picha kusoma yasiyo na uzito, na huko juu, ndani ya sekunde hizohizo, uso wa Balaiah ulikuwa ukibadilika. Anaanza akiwa amechoshwa, mwenye dharau ya tajiri anayejua kwamba mwanawe ni mpuuzi. Taratibu dharau inamwacha, anaanza kusikiliza bila kutaka, kisha anaogopa, na mwisho anaogopa kwelikweli, mchana kweupe, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kicheko kinatokana na safari hiyo ya uso. Nagesh anafanya kazi kubwa na ya kasi ya ajabu, lakini anaifanya kwa ajili ya Balaiah; kila sauti anayoitoa ni ya kumpeleka baba hatua moja zaidi. Gopu alipata kueleza kwamba namna ya kusimulia ile waliitoa kwa mwongozaji Dada Mirasi, aliyezoea kusimulia filamu zake kwa sauti na vitendo vyote, na mimi naona jambo hilo linaonekana, kwa kuwa msimulizi wa kweli huwa hana haja ya hadithi kamili; anahitaji msikilizaji ambaye hawezi kuondoka. Jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita ni kwamba kipande hiki kinarudia kisa kizima kwa udogo. Viswanathan anatishwa na hadithi isiyokuwepo kama alivyofurahishwa na tajiri asiyekuwepo. Kwa watoto wake na kwa wageni wake, yeye ni mtu anayeweza kuaminishwa chochote, mradi tu aliyeko mbele yake asisite.

Kwa ajili hiyo nakushauri urudi kwenye kipande hicho bila maandishi chini ya picha na, kwa mara ya kwanza, bila sauti. Mtazame Balaiah tu. Halafu washa sauti, bado bila maandishi. Mwisho, kama kaka yako akija likizo na mmoja wa wenzake wa Doha, au kama anaweza kukuunganisha naye kwa simu ya video, mkalishe mtu anayekijua Kitamili kando yako akueleze mahali sauti inapopanda na kushuka. Hilo la mtu kukaa nawe haliwezi kuchukuliwa na maelezo yangu. Kuna mizaha ya matamshi na ya heshima kati ya baba na mwana ambayo Mtamili ataisikia mara moja, na ambayo maandishi hayakuletea hata kidogo.

Sitaki udhani kwamba sioni upungufu wa filamu. Nusu ya pili ina nyimbo zinazosimamisha mwendo wakati tunataka kujua Vasu atajinasua vipi, ingawa naungama wazi kwamba nyimbo zenyewe, zilizotungwa na wanamuziki M. S. Viswanathan (si yule tajiri wa kisa) na T. K. Ramamoorthy kwa mashairi ya Kannadasan, ni miongoni mwa nzuri zaidi za muongo ule. Wasichana hawakuandikwa kwa kina kama wanaume. Nirmala ana nguvu mwanzoni, anapomfukuzisha mtu kazi kwa hasira, kisha anapopenda nguvu hiyo inayeyuka na hafanyi tena uamuzi wenye uzito. Mwanamke pekee anayebaki na hesabu zake mwenyewe ni Meenakshi, binti ambaye Chellappa anamtaka awe mwigizaji wa filamu yake. Pia ung'ang'anizi wa Ashok mbele ya nyumba, ambao mwaka 1964 ulionekana ni uchangamfu, leo una sehemu ambazo ukizipeleka jukwaani kama zilivyo, dada zako katika hadhira watazisoma kwa jicho lingine, nao watakuwa na haki. Mwandishi wa leo anaweza kulirekebisha hilo kwa kumfanya Nirmala ajue uongo mapema na aushiriki kwa hiari yake. Mimi ningefanya hivyo, maana kunampa yeye hatari yake na siri yake.

Nije sasa kwenye kukihamisha kisa. Hatari kubwa ninayoiona ni kuibeba filamu nzima, hema, milima na mvi, na kuwabadilishia watu majina tu wawe Bakari na Mwanahamisi. Ukifanya hivyo mchezo utaanguka kwa sababu moja ya msingi: namna ya kuposa. Katika filamu, inatosha kumleta mtu mmoja mwenye mvi na tumbo la utajiri, akakaa sebuleni na kuzungumza na tajiri mwenzake. Kwetu posa haiji hivyo. Anakuja mshenga, wanakuja wazee kadhaa, inaletwa barua, na kabla ya jibu familia ya binti inaulizia: kijana ni wa ukoo gani, mama yake ni nani, walihamia lini, nani anawajua msikitini au mtaani. Baba mmoja wa bandia hawezi kupenya katika tundu hilo. Vijana wako watahitaji baba, ami, shangazi mwenye maneno mengi, na mshenga, na kila mmoja lazima akumbuke uongo uleule kuhusu ukoo uleule. Unaona mara moja kwamba hiki si kikwazo kwako. Ni utajiri ambao Sridhar hakuwa nao. Shangazi wa bandia anayenogewa na nafasi yake na kuanza kudai mahari ipunguzwe, au mzee wa upande wa binti anayedai kwamba alisoma na marehemu babu wa ukoo usiokuwepo kwa sababu anaona aibu kukiri kwamba hawafahamu matajiri hao: huyo wa pili ni Viswanathan wako halisi, aliyezaliwa Tanga. Naye hajadanganywa na mtu. Amejidanganya mwenyewe kwa kutaka kuhesabiwa.

Ukianzia hapo, kwenye mtu mmoja mwenye tamaa moja inayoeleweka, na ukaacha uongo wa vijana uwe unaizunguka tamaa hiyo, utakuwa umeichukua nguvu ya filamu bila kuchukua hata sentensi yake moja. Hili linanipeleka kwenye swali la haki, ambalo marafiki zako wamelijibu kwa haraka mno.

Si kweli kwamba kazi ya miaka sitini haina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya India, ya mwaka 1957, inailinda filamu kama filamu kwa miaka 60 inayohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka unaofuata ule ilipotolewa. Kwa filamu ya mwaka 1964 hesabu hiyo ilimalizika mwishoni mwa mwaka 2024. Huenda hapo ndipo wenzako walipoitoa kauli yao. Lakini filamu ni mkusanyiko wa kazi. Hadithi na mazungumzo, mashairi na muziki, kila kimoja kinalindwa kivyake kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 60 baada ya kifo chake. Kannadasan alifariki mwaka 1981, kwa hiyo kwa sheria ya India mashairi yake yanalindwa hadi mwisho wa mwaka 2041. Sridhar alifariki mwaka 2008, na maandishi yake yanalindwa angalau hadi mwisho wa mwaka 2068. Watunzi wa muziki walifariki mwaka 2013 na 2015, na muziki waliotunga pamoja una umri mrefu zaidi mbele yake. Tanzania nayo ina sheria yake na hesabu yake ya miaka, na nchi zote mbili ni wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unaofanya kazi ya mgeni ilindwe hapa kama ya mwenyeji. Kutafsiri na kugeuza kazi kuwa ya aina nyingine ni miongoni mwa haki za mwenye kazi, hata kama jukwaa lako ni dogo na kiingilio chako ni cha shilingi chache.

Kinachobaki huru ni wazo. Kijana kumvisha rafiki yake ubaba, mpenda mali kudanganywa na mali isiyokuwepo, mtu kuwa mzee na kijana katika nyumba moja: haya yalikuwa jukwaani duniani kabla sinema haijazaliwa, wala Sridhar hakudai kuwa ameyaumba. Mpangilio wa matukio yake hatua kwa hatua, mazungumzo yake, kipande cha msimulizi kama kilivyo, na nyimbo, hayo ni ya wenyewe. Una njia mbili za kweli basi. Ya kwanza ni kuomba ruhusa na kutengeneza tafsiri halali ya jukwaani. Faida yake ni kwamba utaweza kutumia nyimbo na kulitaja jina la filamu kwenye tangazo, na tabu yake ni gharama, barua nyingi, na kuwatafuta warithi na makampuni walioko nchi nyingine, ambao huenda wasilijibu kundi la vijana la Tanga kwa wakati. Ya pili ni kuandika mchezo wako mwenyewe kutokana na wazo. Nikipima mahali ulipo na ulichonacho, naelekea kwenye ya pili bila kusita, na sababu yangu kubwa ni ya sanaa kuliko ya sheria: posa ya kwetu inadai matukio mengine, na matukio hayo ni bora kwa hadhira yako.

Hata hivyo kuna hatua ambazo hupaswi kuzichukua kwa kutegemea maandishi yangu. Kabla ya kutangaza mchezo kwa kutumia jina la filamu, kabla ya kuuza tiketi kwa onyesho lenye sehemu yoyote iliyotafsiriwa, na hasa kabla ya kuweka picha za video mtandaoni, ambako kazi inavuka mipaka kwa dakika moja, nenda ana kwa ana na mswada wako mkononi kwa wakili anayeshughulikia hakimiliki au kwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi bado tunaiita COSOTA. Waombe waulinganishe na maelezo ya filamu. Mtu aliyeushika mswada wako ataona mfanano ambao mimi, kwa kusoma swali lako tu, siwezi kuuona. Ukiwa hapo, usiache kuusajili mchezo wako mwenyewe.

Kuhusu nyimbo, nakusihi usizitafsiri kwa mchezo huu. Wimbo wa Ashok wa kudai kazi una kazi maalumu katika filamu: unamgeuza mtu aliyefukuzwa kuwa kero yenye utamu, na unamfanya tajiri aonekane mdogo mbele ya nyumba yake mwenyewe. Kazi hiyo Tanga inaweza kufanywa na kikundi cha ngoma cha mtaani, au na waimbaji wa taarabu wanaojua kumrushia mtu fumbo bila kumtaja jina. Mtafute mtunzi kijana mwenye sikio la mafumbo, umpe jina la mzee wako na tamaa yake, kisha mwachie siku chache. Kipande cha msimulizi nacho kiache kilipo, lakini wape waigizaji wako zoezi hili katika mazoezi ya kwanza: mmoja asimulie kwa dakika tano kitu kisicho na maana yoyote, na mwingine awe ni mtu anayedharau, ambaye haruhusiwi kusema neno wala kutoka kwenye kiti. Uwatazame wote wawili bila kucheka, na nafasi ya mzee umpe yule ambaye macho yako yanamrudia hata wakati mwenzake ndiye anayesema.